Vitabu vinavyojibizana: wapi pa kuanzia kusoma uanakisti

Ndugu zangu, tuondoe kwanza tope njiani. Neno uanakisti likitajwa, wengi husikia fujo, kumbe ni fikra ya jamii inayojiendesha yenyewe bila dola. Kropotkin, mwanakisti wa Kirusi aliyeandika Kuuteka Mkate mwaka 1892, alikuwa mkomunisti kwa tamko lake mwenyewe: mali iwe ya wote, kila mtu apate kwa kadiri ya haja yake. Wafuasi wa Marx nao wanatarajia dola ije ikauke. Ugomvi uko katikati ya safari. Makabwela wakishashinda, waishike dola au waivunje siku hiyohiyo?

Vitabu hivi vimeandikwa kwa kujibizana, kama mashairi ya malumbano gazetini. Ukisoma beti za mshairi mmoja tu, utadhani ameshinda. Visomeni viwiliviwili.

Jozi ya kwanza ni Dola na Uanakisti cha Bakunin, mwanakisti wa Kirusi, 1873, pamoja na madondoo aliyoyaandika Marx alipokuwa anakisoma. Wengi hukwama kwa kuanza na Bakunin mwenyewe: anazungukazunguka, na chuki yake kwa Wajerumani na Wayahudi inachafua kurasa nyingi. Anzeni na madondoo. Ni mafupi, na Marx ananukuu hoja kabla ya kuijibu. Bakunin anauliza: Wajerumani ni kama milioni 40, je, wote milioni 40 watakuwa serikalini? Marx anajibu, naam, kwa kuwa mambo yanaanzia kwenye kujitawala kwa jumuiya. Bakunin anasema mfanyakazi akishatawala si mfanyakazi tena, atawatazama wenzake kutoka juu. Marx anamkebehi: kwani mwenye kiwanda akiwa diwani anaacha kuwa bepari? Jibu kali, lakini kwa maoni yangu halikugusa umangimeza, na hapo ndipo Bakunin alipoona mbali. Ukali huo una sababu: Septemba 1872, mkutano wa The Hague ulikuwa umemfukuza Bakunin katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi.

Msimwonee Engels, mwenzake Marx, lakini. Makala yake kuhusu mamlaka ni kurasa chache, inadai kazi ya pamoja haiendi bila mamlaka, na mifano yake ni kiwanda cha pamba, reli na meli baharini. Nani atapiga kura wakati wa dhoruba? Mwanakisti asiye na jibu hapo bado hajaiva.

Kwa Urusi, someni Lenin, Dola na Mapinduzi, kilichoandikwa 1917, kisha mwanakisti Emma Goldman, Kukatishwa Kwangu Tamaa Urusi. Tahadhari: toleo la 1923 liliacha sura 12 za mwisho, na sura ya Kronstadt, ngome ya wanamaji walioiasi serikali ya Lenin, imo humo. Simulizi inakatikia Kiev. Sura hizo zilitoka kando mwaka 1924, kwa hiyo angalieni yaliyomo kabla ya kulipia. Lisomeni pia azimio la mabaharia wa Kronstadt, vipengele 15. Cha kwanza kinadai mabaraza ya wafanyakazi (soviet) yachaguliwe upya kwa kura ya siri. Msiligeuze kuwa azimio la waanakisti. Waanakisti walikuwa kundi moja tu kati ya makundi ambayo azimio liliyadaia uhuru. Jeshi Jekundu liliuzima uasi ule Machi 1921.

Hispania ya vita vya wenyewe kwa wenyewe naipitia haraka: kitabu cha Orwell cha 1938, Homage to Catalonia, kinatosha kuwaonyesha Barcelona ya Mei 1937, upande wa Jamhuri ulipopigana wenyewe kwa wenyewe, risasi zilipoanzia kwenye jengo la simu lililokuwa mikononi mwa wafanyakazi.

Jozi ya mwisho ni ya nyumbani. Chukueni Ujamaa Vijijini cha Mwalimu Nyerere, Septemba 1967, mkiweke pembeni ya kitabu cha Wanaijeria Sam Mbah na I.E. Igariwey kuhusu uanakisti wa Afrika, 1997, wanaoipima Ujamaa kwa kipimo hichohicho cha dola. Pigeni mstari kila Mwalimu anaposema watu washawishiwe, wasilazimishwe. Halafu andikeni tarehe mbili pambizoni: Septemba 1969, TANU ilipoivunja jumuiya ya vijiji vya Ruvuma vilivyokuwa vikijiendesha vyenyewe, na Novemba 1973, kuhamia vijijini kulipotangazwa kuwa amri.