Seva Haina Kinyongo na Timu Yako

Ndugu zangu, nianze na lalamiko ambalo kila anayecheza gemu za umeneja wa mpira mtandaoni amelisikia, kama si kulitoa yeye mwenyewe: "Nimepata nafasi sita, jamaa kapata mbili, nimefungwa moja bila. Hili gemu lina mambo yake."

Tuchukue Hattrick, gemu la Kiswidi lililoanza mwaka 1997. Unapanga kikosi, unachagua mbinu, saa ikifika seva, yaani kompyuta kuu ya gemu, inacheza mechi mara moja tu, imeisha. Hakuna kurudia, tofauti na wale wa Football Manager, gemu jingine la umeneja, wanaocheza peke yao nyumbani, wakifungwa wanazima kompyuta haraka kabla matokeo hayajahifadhiwa. Mnajijua. Kwenye Hattrick, viungo wako wakiwazidi wa mwenzako, nafasi nyingi zinakuja kwako. Kila nafasi ikija, programu inapima washambuliaji dhidi ya mabeki, inapata uwezekano wa goli, kisha inachomoa namba ya nasibu, kama kurusha dadu. Namba ndiyo inayoamua.

Sasa tupige hesabu, kwa namba zangu za mfano, si za gemu lenyewe. Kila nafasi, yako na ya mpinzani, ina uwezekano wa goli wa asilimia 30. Wewe una sita, yeye mbili. Unashinda mara ngapi? Nimewahi kuuliza hivi mbele ya watu, wakanijibu tisini kwa mia. Hapana. Unashinda mechi 70 hivi katika 100, unatoka sare 21, unafungwa karibu 9. Kukosa nafasi zote sita peke yake kunatokea takriban mara 12 katika 100.

Tisa katika mia ni kidogo, ndiyo. Lakini wekeni mameneja 10,000 wenye mechi kama hiyo usiku mmoja. Karibu 900 wanalala wamefungwa. Wapeni mechi tatu mfululizo za namna hiyo, na watu sita au saba watapoteza zote tatu. Hao sita ndio mnaowasikia! Waliopata walichostahili hawana cha kuandika. Na yule wa sita akiambiwa "mpira unadunda" hakubali, ana ushahidi wa mechi tatu mkononi, anataka kujua nani ndani ya kampuni anamchukia.

Kuna na kosa la upande wa pili: "Nimefungwa tatu, ya nne lazima nishinde." Lazima ya wapi? Namba ya leo haijui ya juzi.

Kwa hiyo mimi nikitaka kujua kama meneja fulani ni mzuri, siangalii magoli ya wiki hii. Naangalia nafasi, alizopata na alizoruhusu, kwa mechi kumi na zaidi. Namba inayochomolewa hana uwezo nayo. Idadi ya nafasi na ubora wake, hizo ni kazi yake.

Hapa ndipo pananipendeza zaidi, na wengi wanapapita. Bahati yenyewe unaweza kuipangia. Hattrick wana mbinu ya kukaba kwa presha, ambayo inaua nafasi za timu zote mbili. Mtu anasema, faida yake nini kama tunapungukiwa wote? Rudini kwenye mfano wetu. Badala ya sita kwa mbili, mechi iwe tatu kwa moja. Uwiano ni uleule. Lakini mkubwa sasa anashinda mara 52 au 53 tu katika 100, sare zimepanda hadi 37. Mnyonge aliyekuwa anaambulia chochote mara 30 katika 100, sasa anaambulia karibu mara 48. Mchezaji wake hata mmoja hajaongezeka uwezo. Ndiyo maana timu ndogo zinapaki basi hata uwanjani kwenyewe, na mashabiki wa timu kubwa wanazomea. Wangekuwa wao wangefanya hivyohivyo.

Kinyume chake, nawaona mameneja wenye kikosi bora wakiweka presha dhidi ya timu dhaifu, eti kulinda ushindi. Ukiwa na nguvu unataka nafasi ziwe nyingi, mchezo uwe mrefu. Ukiziua mapema, unamgawia mwenzako sare ambayo asingeipata.

Karibuni maswali. Dada pale nyuma alinyoosha mkono zamani.