Kigae kwa Kigae: Kutunza na Kuunga Vyombo vya Udongo Nyumbani Goma

Akina mama, akina baba, na ninyi vijana, karibuni. Tazameni chungu hiki kipya cha sokoni. Nadondosha tone la maji begani: limenyweka. Nadondosha jingine kwenye sahani ya kaure: limekaa juu kama kwenye jani la mgomba.

Chungu huchomwa kwa moto wa kuni wa wazi, ambao kwa kawaida hufikia nyuzi 600 hadi 900 za Selsiasi, na kaure huchomwa kwa moto unaopita 1,200. Udongo wa chungu hubaki na vitundu. Maji yakiingia humo huyeyusha chumvi, na yakikauka chumvi inaganda chini ya ngozi ya chungu na kuibandua magamba. Kwa hiyo chungu cha ukumbusho hakilowekwi kamwe, brashi laini inatosha. Kaure nzima ioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, ndani ya beseni lililotandikwa taulo. Javeli, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hapana: huingia kwenye nyufa na kubaki humo.

Jivu la volkano ni chembe za kioo na mawe. Kitambaa kikavu kitakwaruza, tangulizeni brashi.

Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Goma iliendelea kutikisika kwa siku kadhaa. Basi vyombo vizito vikae rafu ya chini, na kirefu chenye kitako chembamba kitiwe kifuko cha mchanga mkavu ndani.

Kikivunjika je? Kusanyeni vigae vyote, hata vya ukubwa wa punje ya mchele. Msivisuguanishe kuona kama vinakutana, kwani kingo zinalika na kiungo hakitafunga tena. Vipangeni kwanza bila gundi, mkianzia kitakoni, kila kigae na namba yake.

Gundi ya kukauka papo hapo iacheni dukani. Inashika kabla hujanyoosha, na kosa la nusu milimita kitakoni linakuwa pengo mdomoni: kigae cha mwisho kinakataa kuingia. Mafundi wa makumbusho hutumia sana gundi ya akriliki, aina ya plastiki, iitwayo Paraloid B-72, kwa sababu asetoni inayoiyeyusha leo ndiyo itakayoitoa baada ya miaka, fundi mwingine akitaka kurekebisha. Yeyusheni gramu 10 za Paraloid kwa gramu 90 za asetoni, pakeni kingo, ziache zikauke, ili udongo usije ukanywa gundi yenyewe. Halafu gundi nzito, Paraloid na asetoni nusu kwa nusu, mstari mwembamba upande mmoja tu.

Madirisha yawe wazi na mbabula, yaani jiko la makaa, iwe imezimwa kabisa: mvuke wa asetoni hushika moto upesi sana.

Ungeni vigae viwili, kisha mvichomeke kwenye beseni la mchanga, kiungo kikilala ili kigae cha juu kikandamize cha chini kwa uzito wake. Msiongeze cha tatu hadi kesho yake.

Chungu kilichoungwa hakirudi jikoni. Gundi hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi 40 hivi, kwa hiyo hata dirishani penye jua kali msikiweke.