Furu Ndani ya Kioo: Kuwafuga na Kuwazalisha Nyumbani

Mabibi na mabwana, wanafunzi, na wazee wetu mliofika kutoka ufuoni, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze kuhusu ufugaji wa sikilidi, yaani samaki wa jamii ya furu na ngege, katika tangi la nyumbani. Kwa kuwa tumo Kisumu, nitawaacha kando wale wa maziwa ya Malawi na Tanganyika, ambao ndio hujaa katika maduka ya samaki wa mapambo, nizungumzie furu wetu wa Ziwa Victoria. Hoja yangu ni moja: mfugaji wa furu awe na aina moja katika tangi moja, aijue imetoka wapi, na ailinde isichanganyike na nyingine, kwa sababu uzi unaozitenganisha aina hizi ni mwembamba mno na tangi lisilo na uangalifu huukata katika kizazi kimoja tu.

Furu, pamoja na ngege na mbiru mnaowajua sokoni, ni wa jamii moja, ile ambayo wanasayansi huiita Cichlidae. Inakadiriwa kwamba ziwa letu lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, nyingi zisizopatikana kwingine popote duniani. Tope lililochimbwa kutoka sakafu ya ziwa linaonyesha kwamba ziwa hili lilikauka na kujaa upya miaka kama 15,000 iliyopita, muda ambao katika historia ya viumbe ni sawa na jana. Katika muda huo furu waligawana riziki kwa namna ya kustaajabisha: wako waliokwangua mwani kwenye mawe, waliovunja konokono kwa mataya, waliokula wadudu, na hata waliowavamia majike wengine, ambao huwalea watoto vinywani, ili wapate makinda waliokuwa humo.

Yaliyofuata mnayajua. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kote. Idadi ya aina za furu zilizopotea hukadiriwa kuwa kama 200. Waliosalia walijificha mahali ambapo mbuta hapawezi vizuri: katikati ya mafunjo, ambako hewa ndani ya maji ni haba, katika nyufa za majabali, na katika maziwa madogo ya pembeni kama Ziwa Kanyaboli kule Siaya, ambalo limetengwa na ziwa kuu kwa kinamasi cha Yala na ambalo bado lina ngege wa asili.

Hata hivyo, mbuta hakuwa adui pekee, na hapa ndipo mfugaji wa nyumbani anapopaswa kutega sikio. Upande wa Mwanza wanaishi furu wawili walio karibu sana kinasaba. Mmoja ni Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kisayansi mwaka wa 1985 na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Mwingine ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la rangi ya buluu iliyofifia kuelekea kijivu. Majike ya aina zote mbili ni ya kijivu yenye umanjano na mistari, na ukiyaweka katika karai moja hutaweza kuapa lipi ni lipi. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha, katika makala iliyochapishwa mwaka wa 1997, kwamba maji yanapochafuka na mwanga kupungua, rangi za madume hudhoofika na aina za furu hupungua pia. Katika majaribio ya tangini, majike yaliyowekwa chini ya mwanga mweupe yaliwachagua madume wa aina yao. Yalipowekwa chini ya mwanga wa rangi ya machungwa, ambao huficha tofauti ya wekundu na buluu, hayakuweza tena kuchagua. Furu hawa wakichanganyika, watoto wao si tasa. Huzaa vizuri tu, na ndiyo maana mchanganyiko ukianza haurudi nyuma.

Kwa hiyo nawaomba wale wanaopenda kuweka taa za buluu, za zambarau au za kijani ili sebule ing'ae, waziondoe. Wekeni taa nyeupe ya kawaida, ya nguvu ya wastani, kwa saa 8 hadi 10 kwa siku. Taa nyeupe pekee haitoshi, kwa kuwa jike lililofungiwa na dume wa aina nyingine bila chaguo jingine hatimaye litakubali yaliyopo. Lakini taa ya rangi huongeza tatizo juu ya tatizo, na isitoshe, humnyima mwenye tangi ule wekundu alioulipia.

Sasa tuje kwenye tangi lenyewe. Kwa kundi dogo la furu napendekeza tangi la urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 45. Tangi la vipimo hivyo hubeba takriban lita 240, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, hicho ni kitu cha kilo 240 kabla hujahesabu kioo, mchanga na mawe. Si mzigo wa kuwekwa juu ya kabati la vyombo. Mawe yatangulie kuwekwa, yakae juu ya sakafu ya tangi, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Furu huchimba usiku na mchana, na jiwe lililokalia mchanga litaporomoka siku moja na kupasua kioo.

Kuhusu maji, wakazi wa Kisumu tuna bahati, kwani sehemu kubwa ya maji yetu ya mfereji hutoka katika ziwa hilohilo au katika mito inayoliingia, hivyo hatuhitaji kuyaongezea chumvi za aina yoyote kama wanavyofanya wafugaji wa samaki wa Tanganyika. Tatizo letu ni klorini. Yaache maji katika pipa lililo wazi, yakipulizwa na pampu ya hewa, kwa usiku mzima au zaidi kabla ya kuyatia. Kwa wenzetu wa Nakuru hali ni tofauti: baadhi ya maji ya visima vyao yana alkali na floraidi nyingi, na amonia, ambayo ni sumu itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula, huwa kali zaidi katika maji yenye alkali. Tena Nakuru iko juu ya mita 1,800, baridi ya usiku inauma, na hita ni ya lazima. Hapa Kisumu nyumba nyingi hubakia karibu na nyuzi 25 zinazowafaa furu bila hita yoyote.

Tangi jipya lisitiwe samaki siku linaponunuliwa. Bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wale wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa, huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga, na makao yao makuu ni ndani ya kichujio. Hapa nina msimamo ambao wauzaji wa vifaa hawaupendi. Mashine kubwa za kuchujia zinazofungwa kama mtungi ni nzuri mahali ambapo stima haipotei. Stima ikikatika kwa saa kadhaa, maji yaliyofungiwa ndani yake huishiwa na hewa, bakteria hufa, na mashine inaporudi kufanya kazi humwaga uchafu huo tangini. Kichujio cha sponji kinachoendeshwa kwa pampu ya hewa hukaa wazi ndani ya tangi, hugharimu kidogo, hakimezi makinda, na pampu yake inaweza kufungwa kwenye betri ndogo. Weka viwili, na uvikamue kwa zamu katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya mfereji. Kila wiki badilisha robo ya maji.

Chakula nitakipitia haraka. Furu hawapewi nyama ya ng'ombe wala ya kuku, kwa maana matumbo yao huvimba na wakafa. Omena waliosagwa huwafaa kwa kiasi kidogo, pamoja na minyoo wadogo, mchicha uliochovywa katika maji ya moto, na chakula chenye spirulina, yaani jamaa wa ule mwani unaoliwa na heroe wa Ziwa Nakuru. Viluwiluwi vya mbu wanavipenda mno. Kati ya miaka ya 1950 na 1960 sikilidi wadogo kutoka Ziwa Magadi walipelekwa Ziwa Nakuru kwa ajili hiyo hasa ya kupunguza mbu. Lakini msifuge viluwiluwi katika beseni nyuma ya nyumba, kwani beseni likisahaulika kidogo tu utakuwa umewafugia majirani malaria.

Kuzalisha ndiko kwenye utamu. Weka dume 1 na majike 5 au 6, ili ukali wa dume ugawanyike. Dume hufagia shimo mchangani, mwili ukitetemeka, na kulikunjua pezi lake la chini mbele ya jike. Kwenye pezi hilo kuna madoa machache ya manjano au machungwa, ya mviringo, yanayofanana na mayai. Jike likikubali, huzunguka nalo duara baada ya duara, hutaga yai moja au machache, kisha hugeuka mara moja na kuyaokota kwa kinywa. Halafu hulikaribia pezi la dume na kuyadonoa yale madoa kana kwamba ni mayai yaliyobaki, na papo hapo dume humwaga mbegu, nayo mayai hurutubishwa mle mle kinywani. Ni mtafiti Wolfgang Wickler aliyependekeza ufafanuzi huu mwaka wa 1962.

Tangu hapo jike hukataa chakula. Koo hujaa, kidevu hushuka, na mara kwa mara utaliona likitafuna polepole. Linayageuza mayai yapate hewa. Baada ya wiki 2 hadi 3 hutoka makinda kamili. Wafugaji wengi hulishika jike kabla ya wakati, wakalifungua kinywa na kuyamimina makinda bakulini. Mimi sipendi njia hiyo, isipokuwa jike likiwa dhaifu. Lihamishe usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa utulivu, likaishie kulea katika tangi la pembeni la lita 40, kwani majike ya aina nyingi huendelea kuyaita makinda kinywani kwa siku kadhaa kila hatari inapokaribia, na hilo ni jambo ambalo watoto wenu wanastahili kuliona.

Baada ya uzazi wa pili au wa tatu utakuwa na furu wengi kuliko nafasi. Usiwarudishe ziwani, wala katika mto, wala Kanyaboli, hata kama wazazi wao walivuliwa huko. Wanaweza kubeba magonjwa ya tangini, na kama kuna damu ya kigeni ndani yao, utakuwa umeharibu kilichosalia. Wape wafugaji wenzako, kila mfuko ukiwa na karatasi inayotaja aina, mahali wazazi walipotoka na kizazi chao, na mbadilishane madume wa asili ileile ili wasizaane ndugu kwa ndugu. Samaki asiye na karatasi hiyo, hata awe mwekundu namna gani, mchukue kama pambo na umweke peke yake bila majike. Na atakayetaka kuvua wazazi wake mwenyewe apite kwanza kwa maofisa wa uvuvi, aulize kibali, ndipo auchukue wavu.

Sasa naomba maswali, na tuanze na wale wa Nakuru, maana wana safari ya kurudi.