Kibao cha Barabarani na Kibao cha Shingoni: Kislovenia na Kijapani Vinakozungumzwa

Habari za jioni, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuja.

Kislovenia kina wasemaji wapatao milioni 2 na nusu. Kijapani kina zaidi ya milioni 120. Ukipewa hesabu hiyo peke yake utadhani hiki kidogo kimejikunyata katika nchi moja, na kile kikubwa kimetapakaa. Ramani inasema vingine.

Slovenia yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 20,000 na ushei. Lakini Kislovenia utakisikia pia Italia, pande za Trieste, mji ambao wenyewe wanauita Trst. Utakisikia Austria, kusini mwa jimbo la Carinthia, na Hungaria kwenye bonde la mto Rába. Watu hao hawakuhamia huko. Ni mpaka uliowapitia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza himaya ya Austria na Hungaria ilivunjika, na Carinthia ya kusini ikapiga kura tarehe 10 Oktoba 1920 kuamua iwe upande gani wa mpaka. Wasemaji wengi tu wa Kislovenia walichagua kubaki Austria. Anayewajua Wadigo wa Lunga Lunga, Kenya, na ndugu zao wa Horohoro, Tanzania, ameshanielewa.

Sasa naomba tusimame kidogo hapo Carinthia, maana pana jambo linalonigusa sana. Mkataba wa mwaka 1955, uliorudisha uhuru wa Austria, uliahidi katika kifungu cha 7 kwamba vibao vya majina ya mahali vitaandikwa kwa lugha zote mbili, Kijerumani na Kislovenia. Ikapita miaka 17. Vilipowekwa, mwaka 1972, watu walikwenda kwa misafara ya magari wakaving'oa. Hebu kitazameni kibao chenyewe: kipande cha bati kwenye nguzo, juu kimeandikwa Bad Eisenkappel, chini yake Železna Kapla. Basi. Hakimzuii mtu kupita wala hakimpunguzii msemaji wa Kijerumani neno hata moja. Lakini kinamwambia bibi anayerudi kutoka dukani kwamba jina alilofundishwa na mama yake ni jina la kweli la mahali hapo. Mapatano ya vibao hivyo, kwa vijiji na miji 164, yalifikiwa mwaka 2011. Kule Trieste nako, jumba la utamaduni la Waslovenia lililochomwa moto na Wafashisti tarehe 13 Julai 1920 lilitiwa saini hati ya kurudishwa kwao tarehe hiyohiyo mwaka 2020.

Kijapani kimezungukwa na bahari. Hakina jirani wa kugombea naye kibao cha barabarani, na karibu wasemaji wake wote wanaishi Japani. Hata hivyo visiwa navyo vina watu wao. Okinawa ina lugha zake, ndugu wa Kijapani lakini si Kijapani, na shuleni mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa kibao cha mbao shingoni. Waliosoma Kenya enzi zile wanakikumbuka kibao cha namna hiyo, na aibu yake.

Nje ya visiwa, Kijapani kilisafiri kwa meli. Mwaka 1908 meli ya Kasato Maru ilitia nanga Santos, Brazil, na wahamiaji 781 waliokwenda kwenye mashamba ya kahawa. Leo Brazil ndiyo yenye jamii kubwa kuliko zote ya watu wa asili ya Kijapani nje ya Japani, ila wajukuu wengi wanaongea Kireno.

Kwingine kilikwenda na utawala wa Japani: Taiwan, Korea, visiwa vya Pasifiki. Utawala ulikoma mwaka 1945, maneno yakabaki. Watu wa Palau, nchi ya visiwa huko Pasifiki, mpaka leo ndege wanaiita skoki, kutokana na hikōki, kama sisi tulivyobaki na meza na gereza baada ya Wareno kuondoka.

Na hukohuko Palau kuna kisiwa kiitwacho Angaur, jimbo lenye katiba yake, wakazi wake hawafiki 200. Kislovenia, pamoja na udogo wake, kiko kwenye sheria za Slovenia, na tangu 2004 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Japani haina sheria inayokitangaza Kijapani kuwa lugha rasmi ya taifa. Katiba ya Angaur ndiyo inayokitaja kuwa lugha rasmi.

Naona mzee pale mbele ameshanyoosha mkono. Karibu, mzee wangu, uliza.