Mtunzi Aliyeshtakiwa kwa Kujiiga Mwenyewe

(Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya wanamuziki wa Malindi, Watamu na Lamu)

Asalaam alaykum. Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosongamana mlangoni, ingieni, viti bado vipo huku mbele.

Mada ni maisha ya John Fogerty, mtunzi na mwimbaji wa roki wa Marekani. Alizaliwa Berkeley, California, mwaka 1945. Yeye, kakake Tom, Stu Cook na Doug Clifford ndio waliokuwa bendi ya Creedence Clearwater Revival. Mwaka 1969 pekee walitoa albamu tatu. Tom akatoka 1971, na 1972 bendi ikavunjika. Nyimbo zao mnazijua, na wako wanaoapa kwamba "Proud Mary" ni wa Tina Turner. Ni wa Fogerty, maneno na mahadhi. Basi, wasifu ndio huo. Mimi nimekuja kwa lile lile ninalolisema kila nikishikishwa kipaza sauti: karatasi.

Fogerty alitia sahihi na kampuni ya rekodi ya Fantasy, ya Saul Zaentz, akiwa kijana tu. Haki za tungo zake zikaenda kwa kampuni. Na deni lake kwa kampuni likahesabiwa kwa nyimbo. Hapo pashikeni. Mkataba wa miaka mitatu unaisha miaka mitatu ikiisha, upende usipende. Mkataba wa nyimbo hauishi mpaka nyimbo ziishe, na kampuni ikipewa neno la kusema "huu hatuukubali", basi hazitaisha. Bendi ya Fogerty ilivunjika, deni halikuvunjika. Baadaye, ili atoke, akaiachia kampuni mirabaha yake, yaani malipo yake, ya nyimbo za Creedence. Akaenda zake mikono mitupu, na mpaka 1987 nyimbo zile alikataa kuziimba jukwaani, kwa uchungu.

Sasa ije 1985. Ametoa albamu nyingine kwa kampuni nyingine, ala zote amepiga mwenyewe, na imefika nambari moja Marekani. Fantasy ikamshtaki. Kwa kosa gani? Kwamba wimbo mmoja wa albamu ile, "The Old Man Down the Road", ni "Run Through the Jungle" wa 1970 uliobandikwa maneno mapya. Na "Run Through the Jungle" aliutunga nani? Yeye! Mtu ameshtakiwa kwa kujiiga mwenyewe.

Najua kuna anayesema moyoni, haiwezekani, mtu hawezi kujiibia. Inawezekana vizuri sana. Ukishauza haki ya tungo, mbele ya sheria tungo ile ni mali ya mwingine, na wewe uliyeitunga ni mpita njia kama wapita njia wengine.

Kesi ilisikizwa San Francisco, 1988. Fogerty akaingia na gitaa mpaka kizimbani. Akawapigia wale wazee wa baraza, kipande kwa kipande, jinsi anavyojenga wimbo: ule mpigo wa kinamasi, ile gitaa ya chini inayorudiarudia, ile sauti ya kukwaruza. Akawaonyesha kwamba vitu hivyo ni mkono wake, vimo katika nyimbo zake nyingi, na kwamba mahadhi ya nyimbo hizi mbili ni mbali. Wakampa ushindi. Hakimiliki hulinda kazi, hailindi mtindo. Kijana anayejifunza udi kwa kufuata mkono wa Zein l'Abdin hajamwibia mtu. Akichukua mahadhi yake na kuyavika maneno mengine, hapo ameiba.

Na ushindi wenyewe ulikuwa ghali. Kudai arudishiwe gharama za mawakili kulimfikisha Mahakama ya Juu ya Marekani, 1994, ndipo njia ikafunguka akarudishiwa zaidi ya dola milioni 1.3. Nani kati yenu ana pesa za kungoja hivyo? Sehemu kubwa ya haki za tungo zake aliipata 2023, akiwa na miaka 77.

Mtaniambia huyo ni Mmarekani, sisi huku twapiga harusi na hoteli, nani atatushtaki. Ndugu zangu, huku ni pagumu zaidi, kwa sababu kwetu mtunzi na mwimbaji mara nyingi ni watu wawili. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu aliandika mashairi, Zein l'Abdin akayatia mahadhi na kuyaimba. Hapo pana haki mbili katika wimbo mmoja, kabla hujamtaja mwenye studio. Na Pwani hii jambo hili mwalijua kuliko wao: shamba laweza kuwa la huyu na minazi ikawa ya yule. Maneno na mahadhi ndiyo shamba. Rekodi ni mnazi uliosimama juu yake. Prodyuza akisema "rekodi ni yangu", huenda ni kweli kama yeye ndiye aliyeigharamia. Akisema "wimbo ni wangu", mwulize ametunga mstari gani.

Na msiniambie prodyuza ni ndugu yangu. Sheria yetu ya Kenya hulinda tungo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Watakaofika mahakamani ni wajukuu wenu, ambao siku ile studio hawakuwako. "Malaika" mpaka leo watu wabishana nani aliutunga.

Kwa hivyo kabla hamjatoka studio, kabla hata ya kuisikiliza miksi, andikeni karatasi moja. Jina la wimbo na tarehe. Majina kamili na nambari za vitambulisho. Nani ameandika maneno, nani mahadhi, nani biti. Asilimia za kila mmoja, zijumlishe zifike 100 kamili. Mara nyingi zinafika 110 kwa sababu kila mtu aliahidiwa peke yake pembeni. Wote watie sahihi, kila mmoja apate nakala. Ikisubiri wimbo uvume, hakuna atakayekubali asilimia 10.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yataka uhamisho wa haki uwe wa maandishi na wenye sahihi yako. Tungo yako haichukuliwi kwa mdomo, inachukuliwa kwa kalamu yako mwenyewe. Ukiona "milele" na "dunia nzima" katika sentensi moja, weka kalamu chini, peleka karatasi kwa wakili. Toa leseni, yaani ruhusa ya kutumia kwa miaka mnayokubaliana, usiuze.

Naona napungiwa saa, basi mengine mbio mbio. Sajilini kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Haki unayo tangu wimbo uliporekodiwa au kuandikwa, lakini cheti ni ushahidi. Kisha kuna mashirika ya kukusanya mirabaha: MCSK ni ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapigaji, KAMP ya wenye rekodi, na leseni za mashirika haya hugombaniwa, kwa hivyo ulizeni KECOBO nani ameruhusiwa mwaka huu kabla ya kujiunga. Usitoke studio na MP3 ya WhatsApp. Dai faili za WAV zenye sauti kamili, miksi na vipande vyote mbali mbali. Akaunti ya kusambaza nyimbo mtandaoni ifunguliwe kwa barua pepe yako, si ya meneja, maana mkikosana anaondoka na neno la siri na malipo yanaendelea kuingia kwake.

Ya Skiza, ile milio ya simu, na ya bendi za hoteli sikuyafikia, tutayachukua kwenye maswali. Fomu za mgao ziko pale mezani kwa Kiswahili, kila mmoja achukue tatu, azijaze kwa wino, na walio hapa na wenzao waliorekodi nao wazijaze sasa hivi kabla ya chai.