Elimu ya Afya Kijijini Ipimwe kwa Mikono

Ndugu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu na viongozi wa vijiji, leo naomba tukae kwenye jambo moja tu: mtoto mdogo anayeharisha. Nimelichagua kwa sababu tiba yake inajulikana, ni nafuu, na mama anaweza kuianza nyumbani kabla ya kufika zahanati. Hata hivyo bado tunazika watoto. Kinachokosekana mara nyingi ni mafunzo yaliyoshika.

Kinachoua haraka katika kuharisha ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini. Utumbo ulioshambuliwa na vijidudu unaendelea kumwaga maji, lakini uwezo wake wa kufyonza sukari na chumvi kwa pamoja haupotei. Viwili hivyo vikiingia, maji hufuata. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na ndiyo maana kipimo ni lazima kiwe sahihi.

Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji ya kunywa, ndiyo bora. Someni maandishi yake: nyingi ni za lita moja, nyingine za nusu lita. Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kumimina pakiti nzima kwenye kikombe kimoja ili "dawa iwe kali". Chumvi ikizidi namna hiyo mtoto anaweza kupata degedege. Wengine hutumia robo ya pakiti ili ibaki ya kesho, na mtoto hapati anachohitaji. Pakiti yote iingie kwenye maji yake yote, maji safi na salama, na kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Pakiti zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa, visiwe na kilima. Onjeni kabla ya kumpa mtoto. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwageni muanze upya. Sukari nayo isizidi, kwani huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni na kuharisha kukaongezeka.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Aliyezidi umri huo, 100 hadi 200. Akitapika, subirini dakika 10, kisha mwendelee kijiko kimoja kimoja, polepole. Ziwa lisikatishwe, wala chakula. Ile desturi ya kumnyima mtoto kinywaji ili tumbo lipumzike inamkausha zaidi. Dawa ya madini ya zinki itolewe kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa mkubwa zaidi. Mwambieni mama mapema asiache siku ya tatu kwa kuwa choo kimekuwa kigumu.

Mwambieni pia, kabla hajauliza, kwamba ORS haizuii kuharisha papo hapo. Kazi yake ni kurudisha maji yaliyopotea. Mama asiyeelezwa hili huona choo kinaendelea, akadhani dawa imeshindwa, akaitupa na kutafuta vidonge vya kufunga tumbo, ambavyo mtoto hapaswi kupewa.

Macho yakizama, ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi upesi, mtoto akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, apelekwe zahanati mara moja, akinyweshwa njiani kama anaweza kumeza.

Sasa namna ya kufundisha. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya, kama kuchimba vyoo. Ile hatua ya mwisho ndiyo tunayoiruka siku hizi. Huko Bangladesh, shirika la BRAC lilituma wafanyakazi nyumba kwa nyumba katika miaka ya 1980 kufundisha akina mama kuchanganya chumvi na sukari guru, na malipo ya mfanyakazi yalitegemea mama anakumbuka nini mkaguzi anapopita baadaye. Huo ni utaratibu wa haki: mwalimu apimwe kwa mwanafunzi.

Kwa hiyo msifundishe kwa bango. Nendeni nyumbani kwa mama na chupa ya lita moja. Pimeni maji kwa chupa hiyo, myamimine kwenye jagi au sufuria yake mwenyewe, kisha mkwaruze alama yanapofikia, kwa sababu jagi za nyumbani hazilingani. Kijiko ashike yeye. Mkishachanganya mara moja, nyamazeni, achanganye tena peke yake huku bibi na dada wa mtoto wakitazama, maana mara nyingi wao ndio wanaobaki naye mama akienda shambani. Baada ya mwezi rudini bila kutoa taarifa, mwombeni achanganye. Akikosea kipimo, msimkemee. Tazameni amekosea hatua ipi, mrekebishe hiyo tu, halafu mwone akifanya upya.