Soda ya tangawizi ya nyumbani, lita 8 za shughuli

Karibuni jikoni. Leo tunatengeneza soda ya tangawizi inayojitengenezea gesi yenyewe, lita 8, za kuwatosha wageni kama 25. Shughuli ikiwa Jumamosi, anza Jumatano jioni, usingoje Ijumaa.

Andaa tangawizi mbichi robo tatu ya kilo, sukari kilo moja, ndimu 8, vijiti 2 vya mdalasini, karafuu 6 na hamira ya chenga nusu kijiko cha chai. Tafuta na chupa 5 za plastiki za lita 2 zilizokuwa na soda. Za maji ya kunywa acha, plastiki yake ni nyembamba. Za kioo usiguse kabisa! Gesi ikizidi kioo hupasuka, na vipande vyake vinaumiza watu.

Osha tangawizi kwa brashi, udongo wote utoke kwenye mikunjo. Maganda yabaki, yana harufu nzuri. Katakata, saga kwenye blenda na maji kidogo, kisha mimina kwenye sufuria yenye maji lita 3. Tia mdalasini na karafuu. Ikianza kuchemka punguza moto, funika, iache dakika 20. Epua, koroga sukari mpaka iyeyuke, ufunike tena ipoe.

Ikipoa chuja kwa kitambaa cheupe, na ukamue kwa nguvu, maana ukali umejificha kwenye makapi. Tazameni hapa chini ya bakuli: huu weupe unaotuama ni wanga wa tangawizi. Mimina taratibu, wanga ubaki. Onja sasa. Iwe kali na tamu kupita kiasi, kwa sababu bado haijaongezwa maji.

Hapa nina neno. Hamira ikila sukari hutoa gesi, lakini hutoa na kilevi kidogo. Kama una watoto, au wageni wasiogusa kilevi hata tone, watengee sharubati hii kabla ya hamira. Iweke kwenye friji, na siku ya shughuli wachanganyie sehemu moja ya sharubati na mbili za maji ya soda, kisha wakamulie ndimu. Waambie wageni jagi lipi ni lipi, ni haki yao kujua.

Iliyobaki iongeze maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ifike lita 8, au pungufu kwa kadiri ya ulichotenga, kisha kamulia ndimu. Chovya kidole kisafi: usikie uvuguvugu tu. Ikiwa ya moto, hamira itakufa na gesi hutapata. Loweka hamira kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo. Baada ya dakika 10 ikitoa povu, imimine ndani, koroga, jaza chupa ukiacha nafasi ya vidole vinne juu, na ufunge kizibo kwa nguvu.

Sasa chupa ndiyo inayokuongoza, saa usizitegemee. Ibonyeze hivi, mnaona inavyoingia ndani? Ziweke kivulini, ndani ya ndoo yenye mfuniko, uwe unazibonyeza asubuhi, mchana na jioni. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa siku moja yaweza kutosha, au hata pungufu. Kwa baridi ya Njombe au Limuru hesabu mbili au zaidi. Chupa ikigoma kubonyea, ikawa ngumu kama soda mpya ya dukani, iingize kwenye friji saa hiyohiyo. Baridi huituliza hamira. Friji imejaa? Chukua deli la barafu, ila usiziache nje.

Zilale kwenye baridi usiku mzima, gesi iingie vizuri kwenye kinywaji. Wakati wa kuandaa legeza kizibo kidogo, sikiliza ipumue, kaza, rudia, mpaka itulie. Kisha mimina polepole ukiacha tope la chini, na umalize zote ndani ya siku 3 au 4. Pilau ikiwa na pilipili, soda hii inakwenda nayo sawasawa.